Nyuzi usizozipiga nazo hulia



Leo naomba tukae kidogo karibu na mpiga gitaa la solo. Huenda kanisani kwenu yupo. Ni yule kijana anayesimama kando ya kinanda, ambaye kwaya ikimaliza ubeti yeye huchukua nafasi na kuliimbisha gitaa lake peke yake kabla waimbaji hawajarudi. Kama unasali Soweto hapa Moshi mjini, au Majengo, au Pasua, au umepanda mlimani kule Machame, Old Moshi au Marangu, bila shaka umekwisha kumsikia.

Wakati mwingine kijana huyu anapiga vizuri, kila sauti iko mahali pake, lakini wewe uliyekaa benchi la nyuma unasikia kitu kinachokukera. Kuna mvumo chini ya wimbo. Kuna mkwaruzo. Kuna sauti ya pili inajitokeza ambayo hakuna aliyeialika. Watu wanageuka kumtazama fundi mitambo, naye anapunguza sauti ya spika. Kelele inapungua, na wimbo nao unapungua.

Tatizo halikuwa kwenye spika. Gitaa lina nyuzi sita. Kijana alikusudia kupiga mmoja, na akaupiga sawasawa. Zilizoharibu wimbo ni zile tano ambazo hakuzipiga.

Somo letu liko katika Waraka wa Kwanza wa Paulo kwa Wakorintho, sura ya 14, mstari wa 7 na wa 8. Paulo anawaandikia Wakristo waliojaliwa karama nyingi, ambao walikuwa wakizitumia zote kwa pamoja hadi mgeni akiingia haelewi kinachosemwa. Anawapa mfano wa vyombo visivyo na uhai, filimbi na kinubi, akiuliza msikilizaji atautambuaje wimbo ikiwa sauti hazitofautiani. Kisha anataja tarumbeta ya vita: ikitoa sauti isiyoeleweka, askari hatajua kama anaitwa kujiandaa. Wakorintho hawakupungukiwa na sauti, walikuwa nazo nyingi. Walichokosa ni kuzituliza zile ambazo zamu yake haijafika. Ndiyo maana mbele kidogo, mstari wa 28 na wa 30, mtume anamwambia hata mwenye karama ya kweli kwamba kuna wakati wa kunyamaza ili mwenzake asikike.

Sisi wa Kilimanjaro tunaijua tarumbeta. Wamisionari wa Leipzig walianza kazi yao mlimani mwaka 1893, na leo vikundi vya tarumbeta ni sehemu ya ibada katika sharika nyingi za Kilutheri. Tarumbeta ina jambo moja jema: mpigaji akiondoa midomo, inanyamaza yenyewe. Gitaa si hivyo. Nyuzi zake zimekazwa saa zote, zimekaa ubavu kwa ubavu, na kila mmoja yuko tayari kulia kwa kuguswa kidogo tu. Nadhani moyo wa mwanadamu unafanana zaidi na gitaa kuliko tarumbeta.

Tuangalie kwanza jinsi kelele hiyo inavyotokea. Muulize mpigaji yeyote wa solo atakueleza njia tatu.

Njia ya kwanza ni mwisho wa sauti. Kijana amemaliza kupiga, anauinua mkono kwa haraka kwenda mahali pengine. Kidole kinapoachia uzi kinauvuta kidogo, na uzi unalia wazi. Alikuwa amekwisha kusema alichotaka kusema, lakini akaondoka vibaya.

Njia ya pili ni majirani. Kuna mahali mpigaji wa solo anausukuma uzi kwa kidole juu ya shingo ya gitaa ili sauti yake ipande kama mtu anayelia. Uzi huo ukisukumwa unaingia katika nafasi ya jirani yake. Kidole kikimgusa jirani na kumwachia ghafla, naye anapiga kelele. Hakuhusika katika wimbo, alikuwa karibu tu.

Njia ya tatu ndiyo ya ajabu zaidi, kwa sababu ndani yake hakuna aliyegusa kitu. Gitaa likiwa limetyuniwa kwa kipimo cha kawaida, uzi wa tano ukiachwa wazi hutetema mara 110 kwa sekunde. Sasa bonyeza uzi wa tatu kwenye freti ya pili, yaani kile chuma chembamba cha pili kinachokatiza shingo ya gitaa, kisha uupige. Huo unatetema mara 220 kwa sekunde, mara mbili kamili ya ule wa tano. Weka sikio karibu. Uzi wa tano umeanza kuvuma wenyewe! Mtetemo umepita katika mbao na katika hewa, ukamkuta ndugu anayepatana naye, ukamwamsha.

Kama gitaa ni la kawaida lisilo na umeme, kelele hizi ni ndogo. Ukiliunganisha na amplifaya, hasa ile sauti nzito yenye kukwaruza ambayo vijana wanaipenda, kila kitu hukuzwa. Mtambo huo huinua hata sauti ndogo hadi ikaribiane na ile kubwa. Mlio ambao chumbani hukuusikia, kanisani unajaza ukumbi.

Tena kelele hiyo haimdhuru mpigaji peke yake. Katika bendi za dansi za nchi yetu magitaa yaligawana kazi: kuna solo, kuna ridhim, kuna besi. Marehemu Mbaraka Mwinshehe, aliyevuma na Morogoro Jazz kisha Super Volcano hadi alipofariki mwaka 1979, anakumbukwa hadi leo kwa gitaa lake la solo, lakini nyuma yake walikuwapo wenzake wenye sehemu zao. Mgawanyo huo tunauona pia katika kwaya zetu. Nyuzi nene za mpiga solo zikivuma ovyo, zinafunika sehemu ya mpiga besi. Kelele ya mmoja inakalia kiti cha mwenzake.

Sasa mpigaji aliyekomaa anafanya nini? Hakati nyuzi tano ili abaki na mmoja. Anazihitaji zote, maana baada ya dakika moja wimbo utaufikia uzi mwingine. Wako wanaofunga kitambaa karibu na kichwa cha gitaa kuzuia nyuzi zisivume. Kitambaa kinasaidia, lakini hakichagui: uzi unaoutaka wazi nao kinauziba.

Kazi yenyewe hufanywa na mikono, na mikono yote miwili. Kwa anayecharaza kwa mkono wa kulia, ubavu wa kiganja hicho hulala juu ya nyuzi nene, karibu na pale zinapofungwa kwenye tumbo la gitaa, zikatulia. Kidole cha shahada cha mkono wa kushoto hubonyeza uzi unaotakiwa, huku ncha yake ikimgusa jirani mnene wa juu na tumbo lake likilala juu ya nyuzi nyembamba za chini. Kiganja kikihama kutoka uzi hadi uzi, kinazilinda zile kinazoziacha nyuma. Na mpigaji anapomaliza sauti haondoi kidole kwa pupa. Anakilegeza kwanza, uzi unanyamaza kikiwa bado juu yake, ndipo anakiinua.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, unapomsikia mtu anapiga sauti moja safi ikakugusa moyo, fahamu kwamba kidole kimoja kinaimba na sehemu kubwa ya mikono yote miwili inafanya kazi ya kutuliza. Kazi hiyo hakuna anayeipigia makofi. Inajulikana tu siku isipofanyika.

Yakobo katika sura ya 3 ya waraka wake anauita ulimi kiungo kidogo, na anaufananisha na cheche inayowasha msitu mzima. Sisi tunaoishi chini ya msitu wa Kilimanjaro, ambao umeungua zaidi ya mara moja, hatuhitaji kuelezwa mfano huo. Basi tuutoe ulimi kanisani tuupeleke mahali unapotupa shida kubwa kuliko zote. Mahali hapo ni kikao cha ukoo.

Mwisho wa mwaka unajua hali inavyokuwa. Mabasi yanashusha watu Moshi, magari kutoka Dar es Salaam yanapanda mlimani, watoto wanakutana na binamu zao, na katikati ya furaha hiyo wakubwa wanakaa kwenye viti chini ya migomba kuzungumza habari ya kihamba. Ardhi ni ndogo, warithi ni wengi. Wewe una jambo moja la haki la kusema. Unataka kusema, "Kaka, mpaka uliokuwa kwenye mfereji umesogezwa." Hilo ni uzi mmoja. Ni haki yako kuupiga, na Maandiko yako upande wako: Kumbukumbu la Torati 19:14 inakataza kuondoa mpaka wa jirani uliowekwa na waliotangulia.

Lakini angalia kinachofuata. Umesema habari ya mpaka, kaka amejibu kwa ukali, na kabla hujakaa umemtaja mke wake kwamba ndiye anayempa maneno. Hapo umemgusa jirani. Shemeji yako alikuwa jikoni akipika chakula chenu nyote.

Kisha kuna mtetemo. Neno "mpaka" limemwamsha dada aliyenyamaza miaka mingi, kwa sababu baba alipouza kipande cha shamba ni kaka ndiye aliyelipiwa ada ya shule. Hakuna aliyetaja ada. Limemwamsha mdogo wenu, ambaye bado anakumbuka nani alitoa mchango na nani hakutoa wakati wa msiba wa mama. Nyuzi zile zilikuwa kimya. Wewe umepiga mmoja, na nyumba nzima inavuma.

Mzee wa ukoo anaomba sala ya kufunga, watu wanasema amina, na wakati wa kunyanyuka mtu anatupa neno la mwisho mlangoni. Ndicho kile kidole kilichoinuliwa kwa pupa. Usiku huo neno hilo linaingia kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, na kundi ndilo amplifaya. Kilichosemwa kwa sauti ya chini chini ya mgomba kinasikika Mwanza, Nairobi na hata ng'ambo, tena kikiwa kimepoteza uso na machozi ya aliyekisema.

Mwezi Januari kila mtu amerudi kazini. Ukimuuliza yeyote kuhusu kikao kile, anakumbuka matusi, mama marehemu na ada. Mpaka hakuna anayeukumbuka, na jiwe bado liko pale liliposogezwa. Haki uliyokwenda kuitafuta imepotea ndani ya kelele zako mwenyewe.

Hapa naomba tuwe waangalifu, kwa sababu somo hili linaweza kutumiwa vibaya. Mtu anaweza kulisoma akamwambia mjane, "Unaona, hata gazetini wameandika, nyamaza." Hapana. Kutuliza nyuzi kuna kusudi moja tu, kwamba uzi wenye zamu usikike. Mpigaji anayezuia uzi anaopaswa kuupiga hajatuliza kelele, ameua wimbo.

Mithali 23:10 inapokataza kuondoa mpaka wa zamani inataja papo hapo mashamba ya yatima. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 nayo inatambua haki ya mwanamke kupata, kumiliki na kutumia ardhi sawasawa na mwanamume. Kwa hiyo binti anaposimama katika kikao akasema naye ni mtoto wa baba, au mjane anapouliza kwa nini migomba ya mumewe inavunwa na shemeji, huo ndio uzi wa wimbo. Wanaopaswa kutulia ni sisi wengine tunaokohoa na kunong'ona ili asimalize. Kumbuka Bartimayo kando ya njia ya Yeriko, katika Marko 10. Umati ulimkemea anyamaze, naye akazidi kupaza sauti. Bwana Yesu hakuungana na umati. Alisimama akaagiza aitwe, na alipofika akamuuliza anataka kufanyiwa nini. Yesu aliweza kuutofautisha uzi wa kweli na mvumo wa watu.

Jambo jingine mpiga gitaa anatufundisha kuhusu ukimya wenyewe. Uzi unaotulizwa huguswa tu, haukandamizwi. Ukiukandamiza hadi kwenye freti unatoa sauti nyingine kabisa. Na ukiugusa kwa ncha ya kidole kimoja mahali fulani, kwa mfano juu ya freti ya 12, haunyamazi: unatoa mlio mwembamba kama wa kengele. Ndiyo maana mpigaji hulaza zaidi ya kidole kimoja, taratibu.

Wako wanaonyamaza kwa kukandamiza. Hasemi neno, lakini anafunga mlango kwa kishindo, anaweka chakula mezani bila kumtazama mtu, anapita bila salamu. Ukimya wa namna hiyo ni mlio mwembamba unaopenya kuliko maneno. Kutulia kwa Kikristo ni kuushika moyo kwa upole mpaka mtetemo uishe kweli, na mara nyingi kidole kimoja hakitoshi. Unahitaji maombi, unahitaji usingizi wa usiku mmoja kabla ya kujibu, na unahitaji ndugu mwenye busara wa kukwambia, "Hilo la mama liache leo."

Wazee wetu wa Kichagga walilijua jambo hili kwa namna yao. Ule mmea wa isale unaopandwa kuonyesha mpaka wa kihamba ndio huohuo ambao jani lake hupelekwa kwa mtu uliyemkosea unapoomba msamaha. Ukipokewa ukiwa na isale mkononi, jambo linajulikana kabla hujafungua kinywa, na aliyekosewa anajua ni vigumu kukataa. Mmea mmoja unasema, "Hapa ndipo haki yangu inapoishia," na huohuo unasema, "Nisamehe." Wote wawili husemwa bila kelele. Sisi tunaoamini kwamba Kristo ameubomoa ukuta wa uadui kwa msalaba wake hatupaswi kushindwa na jani.

Mtazame Bwana mwenyewe mbele ya Pilato. Mathayo 27:14 inatuambia hakujibu hata neno moja kwa mashtaka, hadi liwali akastaajabu. Lakini Yohana 18 inaonyesha kwamba alipopigwa kofi aliuliza kwa nini anapigwa ikiwa amesema vema, na alipoulizwa habari ya ufalme alijibu wazi. Hakuwa bubu siku ile. Alipiga uzi mmoja, ule wa kweli, na nyuzi za hasira, za kulipa kisasi na za kujitetea zilikuwa zimetulia mkononi mwake. Ndiyo maana maneno yake machache ya siku ile tunayasikia mpaka leo.

Wiki hii jaribu zoezi ambalo wapiga gitaa hulifanya. Mwanafunzi hupiga sauti moja, kisha husimamisha mkono na kusikiliza ni kipi kingine kinalia. Nawe, kabla ya kupiga simu ile ngumu, andika kwenye karatasi jambo moja unalotaka kusema, liwe sentensi moja. Chini yake andika majina na mambo ambayo hutayataja, hata ukichokozwa: jina la shemeji, habari ya msiba, habari ya ada. Ukimaliza kulisema lile moja, kaa kimya umsikilize mwenzako. Na neno la kuagana liwe la amani, lisilo na mkia.

Ukiwa mzee wa ukoo au mzee wa kanisa, kazi yako ni ile ya kiganja. Tuliza wanaovuma ili mdogo asikike. Usifanye kama fundi mitambo aliyepunguza spika, akawapunguza wote, mwenye haki na mwenye kelele pamoja.

Daudi aliyemtuliza Sauli kwa kinubi, katika 1 Samweli 16, anajulikana kama mpigaji. Zaburi ya 141 inayobeba jina lake inamwomba Mungu aweke mlinzi kinywani. Mtu aliyejua nyuzi alijua pia kwamba vidole vyake havitoshi. Nasi tuombe:

Bwana, wewe umenipa sauti, asante. Nionyeshe neno moja ninalopaswa kulisema wiki hii, unipe ujasiri wa kulisema bila kuogopa mtu. Na yale mengine yanayotetema ndani yangu, yalazie mkono wako mpaka yatulie. Katika jina la Yesu. Amina.

Nakutakia Jumapili njema.